Maji Yana Zamu

Kila Januari mji wa Moshi hupumua. Waliokuja kula Krismasi kwao wameshateremka, foleni za njia ya Marangu na Machame zimekwisha, na mbuzi waliosalimika wanajijua. Tunaobaki ndio huanza kupanga safari ya baharini. Kundi la WhatsApp linafunguliwa, linapewa picha ya mnazi, na kabla ya jioni kila kazi ina mtu wake: huyu atatafuta nauli za basi, yule ataulizia boti, mwingine ana binamu Unguja mwenye chumba cha ziada. Zamani safari hizi zilikuwa za kuogelea na kula pweza. Siku hizi vijana wa mlimani tunataka ubao. Tunataka kuteleza juu ya wimbi au, kwa wenye ujasiri na akiba, kufunga ubao miguuni na kuvutwa na tiara kubwa iliyo angani, mchezo ambao Paje nzima inauita kaiti. Halafu mmoja wetu huandika sentensi ile ile: "Tutafute sehemu iliyotulia. Pasiwe na watu."

Ninaandika dhidi ya sentensi hiyo. Sina ugomvi na safari, wala na ubao, wala na mtu aliyechoka anayetaka kupumzika. Ugomvi wangu ni na wazo kwamba pwani nzuri ni pwani tupu, na kwamba utupu huo huokotwa kama kombe na yeyote aliyebahatika kufika mapema. Sisi tuliozaliwa chini ya Kibo tungepaswa kuwa wa mwisho kuliamini wazo hilo, kwa sababu tumeishi miaka mingi ndani ya tangazo la namna hiyo.

Tembea mjini Moshi ukisoma mabango ya kampuni za utalii. Mengi yanauza safari moja: siku sita au saba mlimani, siku chache Serengeti au Ngorongoro, kisha Zanzibar kupumzisha magoti. Katika mabango hayo mlima hauna watu. Kuna theluji, kuna mawingu, na kuna mteja mmoja amenyoosha mikono kwenye kilele cha Uhuru. Anayeitazama picha anaweza kudhani kwamba mita zile 5,895 zimekaa peke yake tangu dunia iumbwe, zikimsubiri yeye.

Sisi tunajua utulivu ule unavyotengenezwa. Mteja anapofika kambini jioni, hema lake limeshasimama, maji ya kunawa yamechemka na supu iko tayari. Aliyeyafanya hayo alimpita njiani saa nyingi zilizopita akiwa na mzigo kichwani, mzigo ambao hupimwa kwenye mizani kwa sababu ilibidi uwekwe ukomo wa kilo 20 ili watu wasibebeshwe kama punda. Ni kaka zetu, wajomba zetu, wenzetu tuliokaa nao dawati moja. Kwenye picha hawamo. Kutokuwamo kwao ni sehemu ya huduma iliyolipiwa.

Ipo namna nyingine ya kutengeneza utulivu, nayo haihitaji hata mzigo. Mwaka 1941 serikali ya kikoloni ilitenga ukanda wa msitu wenye upana wa nusu maili, kati ya vihamba na msitu wa hifadhi, ili Wachagga wapate humo kuni, mbao na majani ya ng'ombe. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilipoanzishwa mwaka 1973 ilichukua sehemu ya juu ya mlima pamoja na njia chache zinazoukata msitu. Mwaka 2005 mipaka yake iliteremshwa ikauchukua msitu, na ule ukanda wa nusu maili ukawa ndani. Zipo sababu za kuulinda msitu, nami nazikubali, maana ndio unaotupa maji. Lakini mwanamke aliyekuwa akikata majani pale kwa haki aligeuka kuwa mtu wa kukamatwa, bila yeye kuhama hata hatua moja. Mgeni anayepita leo chini ya miti ile na kusema pametulia anasema kweli. Hajui tu kwamba anachokisifu ni tangazo la serikali.

Basi inapofika zamu yetu kuwa wageni, tunaibeba sentensi ile ile kwenye begi, tunapita Same, Mombo, Korogwe na Segera, tunavuka maji, na kwenda kuitua mlangoni kwa watu wengine.

Tuchukue Paje, upande wa mashariki wa Unguja. Pwani ile imekingwa na miamba ya matumbawe. Wimbi kubwa la Bahari ya Hindi hupasukia huko nje, na ndani hubaki maji ya kina kifupi yenye mchanga chini na upepo wa kutegemewa juu. Kwa mpenzi wa mawimbi hiyo ni habari mbaya. Kwa mtu wa kaiti ni neema: ana upepo wa kusi kuanzia Juni hadi Septemba, na wa kaskazi kuanzia Desemba hadi karibu na Machi. Lakini mchanga ule, kina kile na kinga ile ya mwamba ndivyo vitu hasa ambavyo mwani unavihitaji. Kilimo cha mwani wa biashara kilianza Unguja mwaka 1989, na vijiji vyake vya kwanza vilikuwa Paje na Jambiani. Kwa hiyo kabla ya kaiti kujulikana, pale palikuwa shamba.

Nasema shamba kwa maana yake kamili. Vijiti hupigiliwa mchangani, kamba hufungwa kati ya kijiti na kijiti, na vichipukizi vya mwani hufungwa kwenye kamba kimoja kimoja. Baada ya wiki sita hivi mwani huvunwa, hubebwa ukiwa umelowa hadi nchi kavu, huanikwa, kisha huuzwa kwa kilo kwa bei ambayo mkulima haipangi. Husafirishwa nje, hukamuliwa ule utelezi wake wa kugandisha vitu, na hurudi madukani ndani ya dawa ya meno, aiskrimu na vipodozi. Huenda upo kwenye begi lako la safari. Wakulima walio wengi ni wanawake, na kwa wengi wao mwani ulikuwa fedha ya kwanza waliyoishika bila kumwomba mtu. Sare za shule zimetoka humo, na mabati ya nyumba pia.

Shamba hilo lina taabu zake hata kabla hatujafika. Bahari imepata joto, na aina ya mwani yenye bei nzuri, inayoitwa kotonii, imekuwa ikifa katika maji ya kina kifupi. Inayostahimili ni spinosamu, ambayo bei yake ni ndogo. Juu ya hayo anakuja mtu mwenye ubao. Yeye haoni shamba. Anaona ziwa la bahari la rangi ya feruzi, na ndani yake vijiti vinavyoweza kumchoma akianguka. Mkulima naye anaona ubao unaokuja kwa kasi ya pikipiki kuelekea kamba yake ya wiki sita, na yeye mwenyewe ameinama, maji kiunoni. Wote wawili wana la kulalamikia. Lakini mmoja analiandika lake mtandaoni, likasomwa Berlin na Johannesburg, na hoteli ikamwomba radhi. La mwingine huishia barazani.

Mchagga hahitaji kufafanuliwa vijiti vile ni nini. Kwetu kihamba hakizungushiwi ukuta, huzungushiwa masale. Ni mimea tu, mtoto anaweza kuipenya, lakini hakuna mtu mzima anayepita katikati ya masale ya mwenzake akasema hakuona kitu. Jani la sale ndilo tunalolipeleka tukienda kuomba msamaha. Vijiti vya mwani ni masale yaliyopandwa majini. Asiyevitambua hajafunzwa kuviona, na mtu wa Moshi hawezi kujitetea kwa hoja hiyo.

Wala haifai kusema kwamba mchezo wa ubao na kazi ya baharini ni vitu vya dunia mbili zisizojuana. Mmoja wa Watanzania waliofanya utafiti mkubwa wa mwani kama zao la kulimwa ni Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Shahada yake ya uzamivu aliipata katika Chuo Kikuu cha Hawaii miaka ya 1970. Hawaii ndiko mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi ulikosambaa kwenda duniani kote. Mtanzania alifika kwenye maji hayo yanayosifiwa kwa ubao, akasoma mwani wake, na elimu hiyo ikarudi nyumbani.

Mchezo wenyewe, ukiuchunguza, una sheria kali ya zamu. Katika mawimbi, aliye karibu zaidi na mahali wimbi linapoanza kupasuka ndiye mwenye wimbi. Mwingine akijitosa mbele yake amefanya ufedhuli, na ataambiwa papo hapo, tena kwa maneno yasiyochapika. Katika kaiti nako kuna nani ampishe nani: mwenye mkono wa kulia mbele ana haki ya njia, na anayeingia majini hupishwa na anayetoka. Wanafunzi hufundishwa haya siku za mwanzo. Kwa hiyo wana ubao wanajua vizuri kwamba maji yana zamu. Kasoro ni kwamba katika foleni hiyo huhesabu wenye ubao tu. Mwanamke aliyesimama kwenye maji hayo hayo tangu kabla mwalimu wao hajazaliwa hana nafasi katika sheria hizo. Amewekwa fungu moja na mawe na vijiti: vitu vya kukwepa.

Sisi tumelelewa na sheria pana zaidi. Mababu waliochimba mifongo kuteremsha maji ya mlimani hadi migombani hawakuacha mifereji tu, waliacha na utaratibu. Kila ukoo una siku yake, kila kihamba kina saa zake, na mfongo ukiziba wote huitwa kuuzibua, asiyefika hutozwa faini. Mtoto anayetumwa kufungulia maji hujifunza mapema swali la kuuliza kabla ya kushika jembe: leo zamu ya nani? Hakuna anayeuliza kama mfongo umetulia. Mfongo usio na watu ni mfongo uliokauka.

Najua majibu yanayokuja, kwa sababu nimeyasikia katika meza nyingi za kahawa hapa mjini.

La kwanza ni kwamba utalii unaleta ajira. Ni kweli. Wapo vijana wa Paje wanaofundisha kaiti leo na kulipwa, na simwombei yeyote kati yao arudi kwenye umaskini. Lakini ajira ya kijana wa miaka 22 haiufuti msimu wa mama yake wa miaka 50. Mama hatakuwa mwalimu wa kaiti. Familia ile inakula kutoka katika mikono miwili, na hakuna sababu ya kukata mmoja ili tuusifie ule mwingine. Hoja ya ajira ingekuwa na uzito kama maji yale yasingetosha wote wawili. Yanatosha, kama nitakavyoonyesha.

La pili husemwa kwa kifua: sisi si watalii, sisi ni Watanzania, bahari ni yetu sote. Sawa. Ila kamba ya mwani haiulizi pasipoti ya aliyeikata. Tena mwenye nchi ana udhuru mdogo kuliko mgeni, maana anajua lugha. Mgeni wa kutoka Hamburg anaweza kusema hakujua amuulize nani. Wewe unajua kusema shikamoo.

La tatu ni la wajanja: basi tuiache Paje, twende Pangani, tulale Ushongo, huko ndiko kulikotulia kweli. Nendeni, ni pazuri. Lakini msidhani mmeikimbia zamu. Ufuo wa Ushongo una wavuvi wenye nyavu na mitumbwi, na una kasa wanaopanda usiku kutaga mayai mchangani. Kasa hao walikuwa wakitaga kwa wingi katika Kisiwa cha Maziwe kilicho mbele ya Pangani, hadi miti ya kisiwa ikaisha na pakabaki fungu la mchanga linalofunikwa na maji. Ukiwasha taa kali ufuoni usiku, au ukakaa na muziki pale hadi alfajiri kwa kuwa hakuna mtu, umeingia kwenye zamu ya kiumbe asiyeweza kukugombeza.

Sasa nionyeshe ninavyotaka ipangwe, maana kulaumu bila ratiba ni kupiga kelele tu.

Watu wa pwani wanagawa mwezi kwa maji. Kuna bamvua, siku zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ambapo bahari hujaa sana na kupwa sana. Kuna maji mafu, siku za nusu mwezi, ambapo tofauti ni ndogo. Unguja wakati wa bamvua, kati ya kujaa na kupwa kunaweza kuwa na tofauti ya karibu mita 4. Na kwa kawaida bamvua ya Unguja hupwa kabisa kama saa nne asubuhi na hujaa kama saa kumi jioni, ikisogea mbele kwa dakika 50 hivi kila siku.

Zisome saa hizo tena. Asubuhi ya bamvua, maji yakitoka, ndipo mashamba ya mwani yanapofikika. Ndiyo siku ya kufunga, kuvuna na kubadili kamba, na ndipo wanaotafuta pweza na chaza hutembea hadi karibu na mwamba. Hiyo ni zamu yao, na ni siku chache kila baada ya wiki mbili. Alasiri ya siku hiyo hiyo maji yamerudi, wakulima wako nyumbani, kamba ziko chini kabisa na upepo upo. Hiyo ni zamu yako. Siku za maji mafu bahari haikauki kiasi cha kufanya kazi kubwa shambani, basi una nafasi pana zaidi, mradi ukae mbali na vijiti. Kumbe anayetaka kuteleza anaweza kuteleza karibu kila siku ya likizo yake bila kumkosesha mtu hata kamba moja. Kinachotakiwa ni kuutazama mwezi kabla ya kukata tiketi.

Ndiyo maana nakasirika. Kama kumheshimu mkulima wa mwani kungekuwa na gharama kubwa, ningeelewa ubishi. Gharama yake ni kuangalia jedwali la maji, ambalo lipo kwenye simu ile ile unayotumia kutafuta chumba, na kulala hadi saa tatu, jambo ambalo ulikuwa utalifanya hata hivyo. Tunashindwa kwa sababu picha tuliyouziwa haina mtu ndani, na mtu akitokea tunahisi tumeibiwa.

Kwa hiyo mpango wangu kwa wanaoteremka mwaka huu ni mfupi. Chagueni tarehe kwa mwezi, msichague kwa punguzo la chumba peke yake. Mkifika, kabla ya kukodi ubao, nendeni mahali mwani unapoanikwa, muamkie mkubwa aliyepo, muulize: "Shikamoo, bibi. Maji yenu leo ni mpaka saa ngapi?" Mtajibiwa, na huenda mkajibiwa kwa mzaha, maana hawajazoea kuulizwa. Mwalimu wa kaiti naye muulizeni anapitisha wapi wanafunzi wake asubuhi za bamvua, na akijibu kwamba wale kina mama huwa wanapisha wenyewe, tafuteni mwalimu mwingine. Wenye shule za kaiti husikiliza mteja anayeondoka kuliko mwandishi anayelalamika.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hakuna anayewaomba mshike jembe. Tunaombwa tusipite na ubao juu ya shamba la mwenzetu, kisha tukarudi Moshi na picha ya bahari isiyo na mtu na kuwaambia wengine kwamba huko pametulia.